Maji kwenye ekzosi baada ya mvua kubwa: anza kukagua mbele ya gari, si nyuma

Masika yakishakolea, kati ya Machi na Mei, mafundi wa Dar es Salaam huulizwa swali moja kila kukicha. Gari limelala kwenye maji uani, au limepita kwenye dimbwi la Jangwani au Kigogo, na sasa bomba la moshi linatoa maji. Mwenye gari ameinama nyuma anachungulia bomba, pengine ameshaingiza kitambaa kulikausha. Ufunguo uko kwenye switchi, na kinachofuata ni kupiga stata.

Hapo ndipo injini nyingi zinapoharibika. Ekzosi ni bomba la chuma lililoundwa kupitisha mvuke na joto, na inavumilia maji kuliko karibu kila kitu kilicho chini ya gari. Maji ya kuogopa ni yale yaliyopita kwenye njia ya hewa, mbele, nayo kwa kawaida hayaonekani mpaka ufungue. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maswali mawili ya kujibu kabla mtu hajagusa switchi, kisha unafuata dalili moja moja.

Kwanza: maji yalifika wapi, na injini ilikuwa inawaka?

Zunguka gari ukitafuta mstari wa tope. Tope halidanganyi, hata kama jirani anakwambia maji yalikuwa ya kawaida tu. Mstari ukiishia chini ya bampa na kapeti za ndani zikiwa kavu, maji yaliyoingia yameingia kwa nyuma tu, kwa sababu sailensa ya gari dogo iko karibu shubiri moja kutoka ardhini. Mstari ukifika kwenye grili au taa za mbele, ichukulie injini kuwa ina maji mpaka uthibitishe haina. Magari mengi madogo yanavuta hewa kupitia bomba la plastiki lililoelekezwa nyuma ya taa au juu ya rejeta, na bomba hilo halijui tofauti ya hewa na maji.

Kisha kumbuka injini ilikuwa katika hali gani. Ikiwa inawaka, gesi inayotoka inayasukuma maji nje ya ekzosi, na unaweza kupita kwenye maji yaliyofunika ncha ya bomba bila tone kuingia ndani sana. Ikiwa imezimwa, maji yanaingia taratibu na kujaa ndani ya sailensa hadi kimo kile kile cha nje, basi. Ili yapande mpaka kwenye manifodi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, na kuingia kwenye silinda kwa njia ya nyuma, ni lazima maji ya nje yakaribie kimo cha boneti. Gari lililofikia hapo lina matatizo mengi kuliko ekzosi.

Hali mbaya kuliko zote ni gari lililokuwa linatembea likazima lenyewe katikati ya maji. Injini inayozima ghafla namna hiyo mara nyingi imekunywa maji. Lisukume litoke, usiliwashe.

Stata inapiga "ko" moja nzito na kukwama

Dalili hii nitakaa nayo kwa muda, maana ndiyo inayogharimu injini nzima.

Watu wengi wanaichanganya na betri dhaifu. Betri ikiisha, unasikia "tik-tik-tik" ya haraka, taa za dashibodi zinafifia, na ukiwasha redio inakatika. Injini yenye maji inasikika tofauti: taa zinang'aa vizuri, stata inaanza kuzungusha kwa nguvu zake zote, halafu "ko", moja, na mzunguko unasimama papo hapo. Ukisikia hiyo, toa mkono kwenye ufunguo.

Sababu yake ni kwamba hewa inabanika na maji hayabaniki. Chukua injini ya 1NZ-FE, ambayo imo kwenye Toyota IST za cc 1,500, Raum na Probox nyingi zinazozunguka mjini. Ina silinda nne na kompresheni ya 10.5 kwa 1, yaani inabana hewa hadi ibaki sehemu moja ya 10.5 ya ujazo wake. Kila silinda inavuta karibu cc 375 za hewa, na pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama cc 39 tu. Vijiko vitatu vya chakula ni cc 45. Yaani maji yasiyotimia vijiko vitatu, yakiwa ndani ya silinda moja, yanatosha kuizuia pistoni isimalize safari yake. Injini za dizeli zinabana zaidi, hivyo nafasi hiyo ni finyu zaidi kulingana na ukubwa wa silinda. Kitu kitakachopinda ni konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni.

Stata peke yake kwa kawaida haina nguvu ya kupinda konrodi. Ndiyo maana aliyesikia "ko" moja akaacha bado ana bahati mikononi. Anayeng'ang'ana kurudia rudia anaipunguza. Na anayeita vijana wasukume ili astue kwa gia ya pili anaipoteza kabisa, kwa sababu sasa uzito wa gari zima lenye mwendo ndio unaoizungusha injini iliyofungwa na maji. Nasisitiza hili kwa kuwa kwenye mafuriko wasukumaji huwa wengi, wana moyo wa kusaidia, na neno la kwanza kutoka kwao ni "ingiza gia mzee, tustue". Washukuru wakikutoa kwenye maji, kustua wakatalie.

Kazi ya kufanya ni hii. Toa waya wa hasi wa betri. Fungua boksi la ea klina, yaani la filta ya hewa, na ushike filta kwa mkono. Filta kavu na boksi kavu chini yake ni habari njema: maji hayakupita huko, tafuta tatizo kwingine. Filta iliyolowa, iliyokunjamana au yenye tope inamaanisha plagi zote lazima zitoke kabla injini haijazungushwa. Pitisha pia kidole ndani ya bomba la hewa kati ya boksi na throto, mlango wa hewa wa injini. Unyevu na mchanga laini vikiwa pale, hukumu ni ile ile.

Plagi zikishatoka, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) au soketi za injekta ili petroli isimwagike ndani, na chomoa koili zisitoe cheche. Zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, ukisikiliza kama kuna mahali inapogoma. Ikizunguka laini, rudisha betri na mruhusu fundi apige stata kwa sekunde chache huku kila mtu akiwa mbali na matundu ya plagi, maana maji yanaruka juu kwa nguvu inayoweza kuumiza jicho. Rudia mpaka itoke hewa tupu. Kwenye dizeli hakuna plagi za cheche, kwa hiyo zinazotolewa ni injekta au plagi za joto, na kazi hiyo mwachie mwenye vifaa vyake.

Kabla ya kuwasha, vuta dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeshachanganyika na maji na haifai kulainisha chochote. Mwaga, badilisha na filta yake, washa dakika chache, kisha mwaga tena hata kama inauma mfukoni. Oili ya kwanza hapo ni ya kusafishia, kwa hiyo si lazima iwe ya bei kubwa.

Injini ikiwaka baada ya yote haya, usifunge kesi bado. Konrodi iliyopinda kidogo inaweza kutembea wiki kadhaa kabla ya kukatika na kutoboa bloku. Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda kwa geji. Silinda moja ikiwa chini waziwazi kuliko wenzake, au ukisikia mgongano wa chuma chini ya injini unaofuata kasi ya mzunguko, konrodi hiyo ifunguliwe iangaliwe. Mwenye bima ndogo, inayogharamia madhara ya mtu wa tatu tu, asitarajie kulipwa kwa hasara hii. Mwenye bima kubwa apige picha za mstari wa tope na filta iliyolowa kabla fundi hajasafisha, na awataarifu wenye bima kabla injini haijafunguliwa.

Maji yanalia "gubu-gubu" ndani ya sailensa

Umeshahakikisha mbele ni kukavu, gari limewaka, na nyuma unasikia "gubu-gubu" huku matone yakiruka kutoka kwenye bomba. Hilo ndilo tatizo halisi la maji kwenye ekzosi, na tiba yake ni joto na mwendo.

Liweke gari mahali penye mteremko, pua juu na mkia chini, ili maji yaelekee kwenye ncha ya bomba. Acha injini ipate joto hadi mshale wa joto ukae mahali pake pa kawaida, kisha pandisha taratibu hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika na uishikilie kidogo. Maji mengi yatatoka hapo. Yanayobaki kwenye kona za sailensa yanaondolewa na safari ya nusu saa bila kusimama simama. Barabara ya Bagamoyo alfajiri inafaa zaidi kuliko foleni ya Ubungo. Kukaa sailensi tu uani, yaani injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, hata kwa saa nzima, hakuipi sailensa ya nyuma joto la kutosha kukauka.

Fanya hivyo nje, hewani. Banda la gari lenye mlango uliofungwa linajaa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa kwa kuwasha gari ndani ya banda.

Wapo wanaotoboa sailensa ili maji yatoke. Sailensa nyingi zina tundu dogo la kiwandani sehemu ya chini kabisa, na mara nyingi limezibwa na tope au kutu. Lizibue kwa waya na kazi imekwisha. Kama halipo, tundu la milimita 3 upande wa chini wa sailensa ya nyuma halina madhara makubwa. Mimi sitoboi ila kwa gari linalorudiwa na tatizo hili kila msimu. Na popote kabla ya masega (kisafisha moshi kilicho kati ya injini na sailensa), au karibu na sensa ya oksijeni, pasitobolewe kabisa: hewa ya nje ikiingia pale inaipotosha sensa, na kompyuta inaanza kumwaga petroli isiyohitajika.

Linawaka, halina nguvu, au linazima likikanyagwa

Hapa tatizo ni kuziba, na kuna sehemu mbili za kuangalia.

Filta ya hewa iliyolowa kisha ikakauka inakakamaa na kubana hewa. Ni ya bei nafuu. Badilisha kwanza kabla ya kufikiria kingine.

Ikiwa mpya haijasaidia, elekea nyuma. Maji ya mafuriko ya Dar yanabeba mchanga, mifuko na tope la mitaro, na gari lililolala kwenye maji hayo linabaki na matope ndani ya bomba hata baada ya maji kutoka. Weka kiganja karibu na ncha ya bomba, bila kuligusa, huku mtu mwingine akikanyaga mafuta. Gesi inapaswa kupiga kiganja kwa nguvu na kwa mpangilio. Ikipumua kidogo tu huku injini ikilia kwa taabu, kuna kitu kimeziba.

Kinaweza kuwa tope, kinaweza kuwa masega. Ndani ya masega kuna tofali la kauri lenye matundu madogo, na linafanya kazi likiwa na joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi. Gari lililotoka kukimbia likitumbukia kwenye maji baridi, kauri hiyo inaweza kupasuka, na vipande vikageuka na kuziba njia. Gonga masega kwa kiganja au kwa nyundo ya mpira injini ikiwa baridi: ikisikika "chaka-chaka" ndani, kauri imevunjika. Fundi anaweza kuthibitisha kwa kuitoa sensa ya oksijeni ya mbele na kuliwasha gari. Nguvu zikirudi kwa ghafla gesi ikipumulia kwenye tundu lile, ekzosi imeziba baada ya sensa hiyo, kuelekea nyuma.

Linamisi na taa ya injini inamulika

Taa ya cheki injini ikiwaka tu bila kupepesa, una muda wa kufika gereji. Ikipepesa, kuna silinda isiyochoma (ndiko kumisi), na kila dakika unayoendesha petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Hivyo maji kidogo yaliyoingia juu kwenye plagi huishia kuharibu kitu cha bei ghali kilicho chini. Punguza mafuta, egesha, zima.

Mara nyingi maji yamekaa kwenye visima vya plagi, chini ya koili. Yanaingia kwa mvua ya kishindo, kwa maji yanayorushwa na lori, na pia kwa wale vijana wa kuosha magari wanaopiga injini kwa presha baada ya mafuriko ili kuondoa tope. Toa koili moja moja, puliza kisima kwa upepo wa kompresa, futa mpira wa koili, angalia kama una mstari mweusi wa cheche iliyovuja. Mpira wenye mstari huo utaendelea kumisi kila unyevu ukizidi, hata ukiukausha mara ngapi.

Mashine ya kusoma makosa inasaidia sana hapa. P0301 inakuambia silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kusiko na mahali maalumu. P0135 inahusu hita ya sensa ya oksijeni ya mbele, na baada ya gari kupita majini kagua kwanza soketi yake kama ina maji au kutu ya kijani, kabla ya kununua sensa. P0420 inasema masega hayafanyi kazi inavyotakiwa. Makosa haya yakitokea yote siku moja baada ya mvua, anza na kumisi, ukaushe, ufute makosa, uendeshe siku mbili tatu. Kinachorudi ndicho cha kushughulikia. Duka la vipuri halitakushauri hivyo.

Moshi mweupe

Moshi mweupe mwepesi asubuhi, pamoja na matone kwenye ncha ya bomba, si ugonjwa. Lita moja ya petroli ikiungua inazalisha karibu lita moja ya maji, yote yakitoka kama mvuke. Bomba likiwa baridi mvuke unageuka matone, na likishapata joto matone yanakoma. Siku za mvua unaonekana zaidi kwa sababu hewa imejaa unyevu.

Baada ya kupita kwenye dimbwi, mvuke mzito unaweza kuendelea mpaka sailensa ikauke, pengine nusu saa ya mwendo. Ukizidi hapo, injini ikishapoa, fungua kopo la kulanti, maji ya kupoza injini. Kiwango kikishuka kila siku bila kuvuja chini, moshi ukiwa na harufu ya utamu na mabomba ya rejeta yakikakamaa mapema tu baada ya kuwasha, hiyo ni gasketi ya silinda hedi. Mvua haikuileta, ila injini iliyochemka kwa sababu tope limeziba rejeta inaweza kuiunguza, kwa hiyo osha mapezi ya rejeta baada ya kila mafuriko.

Mlio unaokuja miezi baadaye

Ekzosi huoza kutoka ndani. Maji yanayotokana na kuungua kwa mafuta yana asidi kidogo, na gari la safari fupi fupi, kutoka Sinza mpaka Mwenge na kurudi, halipati joto la kuyakausha. Ongeza maji ya mafuriko na hewa ya chumvi ya pwani, na sailensa inatoboka kwenye mshono wa chini. Kutoboka nyuma ya gari mara nyingi ni kelele tu. Kutoboka chini ya viti ni hatari, kwa kuwa gesi inaweza kupanda ndani ya gari. Ukianza kupata kichwa kuuma au usingizi ukiwa safarini, shusha vioo vyote na lisimamishe.

Usiishie kwenye ekzosi

Gari lililozama hadi kwenye vitovu vya magurudumu likaguliwe na gia boksi pamoja na difu, gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu. Vyote vina kipumulio kidogo juu, na chuma cha moto kikitumbukia kwenye maji baridi hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia hapo. Oili ya gia boksi ya otomatiki inayogeuka ya waridi yenye utando imeshaingia maji. Imwagwe kabla gari halijatembea tena, kwa maana bamba za klachi za ndani zinabanduka gundi zikilowa, na gia boksi nyingine si ya bei ndogo.